SAFARI YA KISIWA CHA RUBONDO

Watu wa pwani wamezoea kuliona jambo hili kila msimu: meli kubwa ya watalii hutia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, na asubuhi abiria wake huvushwa kwa mashua kwenda Changuu wakawatazame makobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jioni meli hung'oa nanga ikaenda zake. Sisi wa Ushetu, ambao kutoka kwetu hata baharini ni safari ya siku nyingi kwa miguu, khabari hizo tulikuwa tukizisikia kama hadithi za Abunuwasi. Walakini Mwenyezi Mungu hakutunyima sisi wa bara bahari yetu. Ziwa Viktoria lakaribia kilomita za mraba 69,000, na ndani yake, katika mkoa wa Geita ulio jirani yetu, mna kisiwa cha Rubondo, ambacho wageni huvuka dunia nzima ili wakione, na sisi tulio karibu twakijua kwa jina tu, na wengine hata jina hawalijui.

Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya, baada ya mauzo ya tumbaku, tukusanye wanafunzi wakubwa wa madrasa yetu pamoja na baadhi ya wazazi, waume kwa wake, tukaazimia kwenda.

Haikuwa kazi nyepesi kukubaliana. Mzazi mmoja alisimama akasema maneno ambayo hapana aliyeweza kuyapuuza. Alisema, "Maalim, maji ya ziwa hilo yamekula watu." Naye alisema kweli. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na katika mkoa wetu wamo waliopoteza jamaa zao siku ile. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, hali kimebakisha masafa machache kufika gatini, wakafa watu zaidi ya 220. Nacho kilikuwa kimeundwa kuchukua watu 101. Wako waliosema tuyaache hayo, kwani ajali ni kadari. Sisi hatukuikubali hoja hiyo. Kadari twaiamini, lakini mtu aliyejaza chombo mara mbili ya uwezo wake hana haki ya kujificha nyuma ya kadari, wala mzazi anayeuliza juu ya uzima wa mwanawe hana upungufu wa imani.

Basi tukaweka sharti, na kila mzazi akazisikia. Hapana atakayepanda boti bila kuvaa jaketi la kuokolea, mkubwa wala mdogo. Hesabu ya watu itafanywa ufuoni, na ikizidi kiwango cha chombo tutavuka kwa mafungu. Upepo ukiwa mbaya tutalala upande wa nchi kavu, hata ikiwa ni siku mbili. Wasichana watafuatana na mama zao au ndugu zao. Baada ya hayo wazazi wengi waliridhika. Wawili hawakuridhika, wakabaki na watoto wao, nasi hatukuwalaumu.

Njia yetu ilipita Kahama, kisha Kakola palipo na machimbo ya Bulyanhulu, kisha Geita, kisha Katoro na soko lake kubwa, mpaka Muganza katika wilaya ya Chato. Hii ndiyo nchi ya dhahabu. Vijana wangapi wa vijiji vyetu wameacha jembe na msahafu wakaenda kushuka mashimoni! Palepale Geita tulikutana na wawili waliowahi kusoma kwetu. Walituamkia kwa adabu, wakauliza, "Maalim, mwaenda wapi na watu wote hawa?" Tulipowaambia kwamba twaenda kutazama msitu na ndege, walicheka sana. Kisha mmoja wao, nguo zake zimejaa vumbi la mawe, akauliza kama nafasi imesalia garini. Ilikuwako, akapanda.

Kutoka ufuo wa Kasenda, karibu na Muganza, boti huvuka kwa muda wa nusu saa hivi. Tuliomba dua ya kupanda chombo, tukahesabiana, tukaondoka. Watoto ambao hawakupata kuona maji mapana kuliko lambo la ng'ombe walinyamaza kimya. Furukombe mmoja, kichwa chake cheupe pepepe, alishuka mbele yetu akanyakua samaki majini, na hapo ndipo kelele za furaha zilipoanza.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, na kabla ya hapo, tangu 1965, kilikuwa pori la akiba. Ukiweka pamoja nchi kavu na maji yaliyohifadhiwa, eneo lake lote ni kiasi cha kilomita za mraba 457, na sehemu kubwa ya nchi yake ni msitu mnene, wenye kamba za miti zilizosokotana hata jua la adhuhuri hupenya kwa shida. Zamani waliishi humo Wazinza walioitwa Wanyarubondo, wavuvi na wakulima. Miaka ya sitini walihamishwa, wengine wakaenda visiwa vya jirani, wengine Maganza. Mzee mmoja tuliyemkuta ufuoni alitwambia kwamba makaburi ya wakubwa wake yako kule ng'ambo. Yatupasa kulisema hili, kwani utulivu wa mahali pale, ambao kila mgeni ausifu, wako waliotoa makazi yao ili upatikane.

Khabari iliyotushangaza zaidi ni ya sokwe. Kisiwa hakikuwa na sokwe kwa asili yake. Kati ya mwaka 1966 na 1969, kwa juhudi ya Profesa Bernhard Grzimek na chama cha wanyama cha Frankfurt, waliletwa sokwe 17 kwa mafungu manne. Aghalabu yao walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wangali wachanga, wakafungwa Ulaya, wengine hata miaka tisa. Waliachiliwa msituni pasina mafunzo yoyote. Mnyama aliyelishwa kwa mkono wa mwanadamu miaka tisa, nani angedhani atajua tunda lipi laliwa na lipi ni sumu? Lakini walijifunza, walikula majani na matunda ya mwituni, wakajenga viota juu ya miti kama wazazi wao walivyojenga, wakazaa. Leo wote waliomo ni kizazi cha hao.

Sisi hatukuwaona kwa macho. Askari wa hifadhi aliyetuongoza, mwenye bunduki begani, alituonyesha viota vyao, na tulisikia mayowe yao kwa mbali. Wale walioudhika tuliwakumbusha kwamba msitu si duka. Tena kuna sharti: mwenye mafua hafuati sokwe, kwa kuwa maradhi yetu huwashika nao pia.

Tuliyemwona vema ni nzohe, na huyo ndiye mwenyeji khasa. Ni mnyama wa jamii ya pongo, lakini kwato zake ni ndefu na zimepanuka, hata aweza kutembea juu ya tope na mafunjo bila kuzama. Akiona khatari huingia majini akajizamisha, akabakisha pua tu. Kijana wetu wa machimboni alimtazama muda mrefu kuliko sote.

Wako na tembo na twiga, walioletwa. Wako mbega, viboko, mamba na fisi maji. Na kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wafanyao magendo wakaachiliwa humo mwaka 2000. Simba na chui hamna. Vifaru 16 waliletwa pia miaka ya sitini, nao hawakusalia, majangili waliwamaliza. Maji yaliyozunguka kisiwa hayavuliwi, na humo sato na sangara huzaliana, kisha hutoka nje wakafuatwa na nyavu za wavuvi. Mama mmoja aliuliza kwa nini wavuvi wafukuzwe pale samaki walipo wengi. Mzee wake akamjibu, "Mbegu haziliwi."

Sasa twataja jambo ambalo vitabu vya watalii hulisema, lakini havikuwafikiria mama zetu. Rubondo mna mbung'o, na mbung'o hupenda rangi nyeusi na ya samawati iliyokoza. Wenye buibui nyeusi walipata taabu kubwa siku ya kwanza. Siku ya pili walijistiri kwa khanga na mitandio ya rangi hafifu, na taabu ikapungua. Wanaume wenye kanzu nyeupe walikuwa wakicheka, mpaka walipoambiwa wabebe vyombo vya jikoni.

Tulilala Kageye, penye makao makuu ya hifadhi, ambapo mna mabanda ya wageni na mahali pa kupikia. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri na masafa yametimia, tulisali kwa kupunguza na kuchanganya, ukingoni mwa maji, na viboko wakikoroma gizani.

Wenye kutaka kwenda na waandike kwa hifadhi mapema, ili boti ya upande wa pili iwekwe tayari. Wachukue vitambulisho vyao, kwani ada ya raia ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nje. Unga, mchele na mafuta ni vema kununua Muganza. Juni hadi Agosti ni wakati wa ukavu, na njia za msituni hupitika. Apendaye ndege na vipepeo na angoje Novemba hadi Machi, naye achukue mwavuli.