Sungura Wawili Waliozoeana Wasitenganishwe



Mama mmoja hapa Buswelu alimleta kliniki binti yake akiwa na viduara vinavyowasha mkononi. Katika mazungumzo alieleza kwamba wiki tatu kabla, majirani waliokuwa wanahama waliwapa sungura. Walikuwa wawili waliokua pamoja, lakini mama alimchukua mmoja tu, akihofia gharama. Sungura huyo alijikunyata pembeni, akakataa kula, na siku ya tatu akafa. Mtoto alilia sana. Viduara tulivitibu kwa dawa ya kupaka. Huzuni ya mtoto haina dawa ya kupaka, na ingeweza kuzuilika.

KWA NINI WAWILI?
Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, ambako wenzake wa porini huishi kwa makundi katika mashimo. Hafanani kwa tabia na sungura wa porini wa kwetu, ambaye hukaa peke yake. Waliozoeana utawatambua: hulala wakigusana, hulambana kichwani na hula chombo kimoja. Ukimtenga mmoja hupata hofu na huweza kuacha kula. Tumbo la sungura linatakiwa kufanya kazi mfululizo. Akikaa saa 12 hadi 24 bila kula, yuko hatarini. Usingoje kesho, mwite mtaalamu wa mifugo.

KABLA YA KUWAPOKEA
1. Uliza jinsia zao. Dume na jike watazaa: mimba huchukua siku 31 hivi, na jike huweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa. Madume wawili wakikomaa kwa kawaida hupigana. Majike wawili waliokua pamoja mara nyingi hupatana. Dume aliyehasiwa hupatana vizuri na jike, lakini huweza kumtia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa.

2. Wakague ngozi na masikio. Penye manyoya yaliyonyonyoka au magamba, watibiwe kwanza, maana ukurutu na fangasi huweza kumpata binadamu. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yule.

3. Wasafirishe katika tenga moja, pamoja na sehemu ya majani yao ya zamani ya kulalia. Harufu wanayoijua huwatuliza.

BANDA NA CHAKULA
Sungura hatoi jasho kama sisi, kwa hiyo joto likizidi nyuzi 30 huweza kumwua. Weka banda kivulini, mbali na mawe yanayohifadhi joto la jua, nalo lisiwe chumba cha kulala watoto. Chakula kikuu kiwe nyasi, mbichi na kavu, kwa sababu meno yake hayaachi kuota na yanahitaji kusagwa. Pumba iwe kidogo. Majani ya nyanya na ya parachichi ni sumu kwake. Maji safi yawepo usiku na mchana.

AFYA YA FAMILIA
Kila anayewashika au kusafisha banda anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa kabla ya kula. Mtoto akikwaruzwa au akiumwa, osha kidonda vizuri kwa sabuni, kisha mpeleke zahanati aangaliwe kama anahitaji kinga ya pepopunda. Mwenye pumu akizidiwa na kukohoa karibu na sungura, akae mbali nao.

Mmoja akifa, mwangalie sana aliyebaki, hasa kama anakula. Usimwingizie mgeni ghafla, watapigana. Watenganishwe kwa waya, waonane na kunusana kwa wiki kadhaa kwanza.

Wazazi wenzangu, ukiombwa kuwapokea, pima uwezo wako. Kama huwezi kuwatunza wote wawili, waache waende pamoja kwa mwingine anayeweza. Kukataa hivyo si ukatili.

Nawatakia afya njema.