Mashahidi Wadogo wa Maji Yetu

Mtoto wa Pwani hufunzwa mapema, chuoni au kwa mamake nyumbani, kwamba maji hutambuliwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Anapotaka kutawadha huyatazama na kuyanusa, na akiona hayakubadilika huendelea bila shaka moyoni. Hukumu hiyo ya tahara iko mahali pake, na wenye kuifafanua ni mafakihi. Makala haya yanahusu swali jingine, ambalo mama hujiuliza kila anapotua ndoo mtoni, au anapomwona mwanawe akirudi kutoka mikokoni na miguu iliyojaa tope: je, maji haya ni mazima?

Ndugu msomaji, maji huweza kuwa meupe, matamu, yasiyo na harufu yoyote, na bado yakawa yanaugua. Macho yetu huona kilichopo saa hiyo tunapotazama, na hata maabara ina upungufu kama huo. Chupa ya maji inayopelekwa kupimwa hueleza hali ya dakika ile iliyojazwa. Mtu akimwaga uchafu usiku wa manane, mto utakuwa umekwisha kuubeba kabla ya alfajiri, na chupa ya asubuhi haitamtaja. Kila kadhi ajua kwamba shahidi anayefaa ni yule aliyekuwapo. Basi ni nani aliyekuwapo mtoni usiku huo?

Walikuwapo wadudu, konokono, kaa na nyungunyungu. Hao ni viumbe wasio na uti wa mgongo, wanaoishi chini ya mawe, ndani ya mchanga na kwenye mizizi. Hawana pa kukimbilia maji yanapoharibika. Aliye dhaifu hufa, aliye sugu hubaki, na anayependa uchafu huzaana. Ndiyo maana wataalamu wa maji, pamoja na kuuliza mto una kemikali gani, huuliza pia: ni nani anayeishi humu?

Wanaoishi chini ya jiwe

Ukiinua jiwe katika kijito safi kinachokwenda mbio, kama vile vinavyoteremka kutoka vilima vya Shimba huko Kwale, tazama upande wake wa chini. Huenda ukamwona mdudu mdogo bapa, mwenye mikia mirefu kama nyuzi, mara nyingi mitatu, na mashavu laini ya kupumulia yakipepea ubavuni mwa tumbo lake. Huyo atakaa majini kwa majuma au miezi mpaka aote mbawa, kisha aruke, atage na kufa, pengine katika siku moja. Karibu naye huenda yupo mwingine aliyejijengea nyumba ya chembe za mchanga na vipande vya vijiti, akaviunganisha kwa uzi wa hariri anaoutoa mwenyewe kinywani. Na mwenye mikia miwili tu, anayetambaa juu ya mawe ya maji ya kasi, ndiye mwepesi zaidi wa kudhurika kuliko wengi wa wenzake.

Udhaifu wao una sababu. Wadudu hawa huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji machafu ya majumbani yakiingia mtoni, bakteria hushambulia uchafu ule na kuula, na katika kuula hutumia oksijeni. Walio chini ya mawe hubaki wakikosa pumzi. Udongo unaomomonyoka kutoka mashamba yaliyokatwa miti huwafunika na kuziba mashavu yao. Dawa za kuulia wadudu shambani haziwabagui. Nao ni wadudu.

Wapo wengine ambao hali hiyo haiwasumbui. Nyungunyungu wembamba wa matopeni na mabuu mekundu ya visubi fulani wasiouma hustahimili maji yenye oksijeni haba. Wekundu wa mabuu hayo unatokana na hemoglobini, kitu kile kile kinachoipa damu yetu rangi, nacho huwasaidia kukamata pumzi kidogo iliyobaki. Viluwiluwi wa mbu nao hupumua hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hawategemei sana oksijeni iliyoyeyuka majini. Ukichota tope la kijito ukakuta wekundu hao peke yao, wamejaa tele wala hapana mwingine, mto umekwisha kutoa ushahidi wake.

Elimu hii si ngeni. Nchini Ujerumani, Kolkwitz na Marsson waliorodhesha mwaka 1908 na 1909 mimea na wanyama wanaoonyesha daraja za uchafu wa maji. Afrika Kusini wakatengeneza kipimo chao cha mito, ambamo kila ukoo wa wadudu hupewa alama kutoka 1 hadi 15 kulingana na udhaifu wake. Nyungunyungu na viluwiluwi wa mbu hupata 1. Mabuu mekundu na jamaa zake hupata 2. Ukoo mmoja wa wenye mikia miwili hupata 12. Alama hujumlishwa, wastani ukatafutwa, na mto ukajulikana daraja yake. Watanzania nao wametengeneza kipimo kinachofaa mito yao. Huko huko Afrika Kusini kipo pia kipimo chepesi kilichofupishwa ili wanafunzi na wanavijiji waweze kukitumia wenyewe.

Mikoko ya kijani, konokono waliopungua

Tuache mito tuje baharini, kwa kuwa wengi wetu tunaishi kando ya maji ya chumvi. Mombasa, katika hori ya Tudor, ipo mikoko ya Mikindani. Kwa miaka mingi maji machafu ya makaazi ya juu yamekuwa yakiteremka humo bila kusafishwa. Anayeitazama kwa mbali haoni kasoro: miti imesimama na majani ni ya kijani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kuilinganisha mikoko hiyo na ile ya Gazi, Kwale, isiyopata uchafu wa mji. Na wakafanya ulinganisho kama huo nchini Msumbiji. Hawakuhesabu miti. Waliinama matopeni wakahesabu kaa na konokono.

Walikuta kwamba penye uchafu uzito wa jumla wa kaa ulikuwa umeongezeka. Lakini konokono walikuwa wamepungua, hasa yule mkubwa mweusi mwenye kombe refu lililosokotwa, ambaye baadhi ya watu wa Pwani humwita tondo. Kupungua kwake si jambo dogo. Tondo mkubwa hula majani ya mikoko yaliyodondoka na kuyazuia yasichukuliwe na maji kupwa, hivyo chakula cha msitu hubaki msituni. Asipokuwapo, kazi yake hukosa mwenye kuifanya.

Na kaa je, si heri kwamba wamezidi? Uchunguzi mwingine uliofanywa Tanzania, karibu na Dar es Salaam, ulitazama wale kaa wadogo ambao dume wao hupunga gando moja kubwa. Waliowekwa penye maji machafu walishiba upesi, kwa sababu tope lilikuwa limejaa chakula. Muda uliobaki wakautumia katika kuchumbiana na kugombea mipaka. Kumbe kaa huyu anapokula huwa analima: hupekua tope, hulipindua, akaruhusu hewa kuingia. Akishiba mapema, kilimo hupungua. Watafiti wakaiita hali hii uharibifu uliojificha. Msitu unaonekana mzima kwa anayepita barabarani, ilhali walio chini wameacha kufanya yale yaliyokuwa yakiuweka hai.

Hapo tunajifunza kwamba shahidi haulizwi tu kama yupo au hayupo. Huulizwa pia anafanya nini, na kwa nini amekuwa wengi kupita kiasi.

Wenye miiba na kikande

Jambo hilo la wingi hudhihirika zaidi kwenye miamba ya matumbawe. Mvuvi yeyote amjua yule mnyama wa duara, mwenye miiba mirefu myeusi, anayechoma miguu. Watafiti waliofuatilia miamba ya Kenya kwa miongo mingi wameona kwamba palipovuliwa sana wanyama hawa wamejaa. Katika hifadhi zisizovuliwa, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, ni wachache. Siri iko kwa kikande, samaki mwenye meno magumu anayewapindua na kuwavunja. Kikande akimalizwa kwa mitego na nyavu, wenye miiba hukosa adui. Huzaana, wakaukwangua mwamba mchana na usiku mpaka ukalika, na samaki wengine wakakosa maficho. Kwa hiyo mama anayelalamika sokoni kwamba changu na tafi wamekuwa wadogo na ghali, na mtoto anayechomwa mguu maji yakipwa, huenda wanasimulia kisa kimoja.

Matumbawe yenyewe ni wanyama wasio na uti wa mgongo, nayo hutoa ushahidi wa joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Pwani yetu yaligeuka meupe na mengi yakafa.

Familia inaweza kufanya nini

Elimu hii haihitaji mashine. Inahitaji beseni jeupe, chujio la jikoni lililostaafu, daftari na subira. Siku ya mapumziko, wazazi wafuatane na watoto hadi kijito cha maji yanayotembea. Inueni mawe machache, yasuguliwe taratibu ndani ya beseni, kisha mhesabu: si wangapi tu, bali wa namna ngapi. Andikeni tarehe, mahali na hali ya mvua. Halafu rudisheni kila kiumbe na kila jiwe mahali pake, kwani wao ni mashahidi na hawakufanya kosa lolote.

Fanyeni hivyo mahali pawili: juu ya kijiji na chini yake. Kama juu kuna namna kumi na chini kuna mbili, ulizeni kilichomo kati. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Karibu na bahari, maji yanapoanza kuwa ya magadi, wadudu wa maji baridi hawakai hata pasipo na uchafu. Na baada ya mafuriko ya masika wengi huwa wamesombwa. Linganisheni mahali panapofanana, na mrudi zaidi ya mara moja.

Tahadhari mbili ni lazima. Ya kwanza: msiwaruhusu watoto kuingia kwenye madimbwi na maji yaliyotuama. Huko Kwale na sehemu nyingine za Pwani konokono wa maji baridi hubeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Ya pili: mashahidi hawa husema juu ya afya ya mto, hawasemi juu ya vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Hata mto uliojaa wadudu wa alama za juu, maji yake ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Na ushahidi ukishatolewa, kazi huanza nyumbani. Nguo zifuliwe mbali na ukingo, na povu limwagwe penye udongo. Mafuta machafu ya gari na mabaki ya dawa za shamba yasifike mfereji unaoelekea bahari. Shimo la choo lisikaribiane na kisima. Magugu na miti ya ukingoni iachwe, kwani ndiyo chujio la kwanza la mto. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, anayetafakari katazo hilo hatapata taabu kufahamu maana ya kumwaga shehena ya uchafu wa mtaa mzima horini.

Uchafu ukitoka mahali pakubwa kuliko nyumba zetu, daftari lile litakuwa na faida. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 42 na 43, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na maji salama. Malalamiko yanayofika kwa chifu, kwa jumuiya ya watumiaji maji au kwa mamlaka ya mazingira yakiwa na tarehe, mahali na hesabu, ni vigumu kuyapuuza kuliko yanayosema tu kwamba maji yananuka.

Lakini kabla ya ukurasa wa kwanza wa hesabu, acheni ukurasa mmoja kwa ajili ya wazee. Watoto wamwulize nyanya: ulipokuwa mdogo, maji yakipwa, uliokota nini mikokoni? Kulikuwa na tondo wangapi? Kamba wa mtoni mliwakamata wapi? Mtoto aliyezaliwa juzi hudhani kwamba hori aliyoikuta ndiyo hori ilivyokuwa siku zote, naye hawezi kulilia asichokijua. Nyanya alikuwapo. Ushahidi wake uandikwe leo, kwa jina la kila kiumbe anachokikumbuka, Mwenyezi Mungu angali anamjaalia uhai na kumbukumbu.