Tusiicheke Sindano Inayotikisika Kidogo

Wahenga walituasa tusidharau kiselema, kwani huenda kikalima kikalipita jembe zima. Mimi nilikidharau, tena mbele ya mwalimu wangu.

Nilikuwa mwanafunzi katika shule ya upili ambayo maabara yake ilikuwa na vifaa vichache mno. Siku moja mwalimu wetu wa Fizikia alichukua kipande cha waya wa chuma, akasokotea waya wa shaba kwenye kila ncha, kisha akaziunganisha shaba hizo na galvanomita. Kiungo kimoja alikitia katika mwali wa mshumaa, cha pili katika maji baridi. Sindano ilitikisika kidogo, ikatulia. Nikauliza kama umeme huo ungeweza kuwasha balbu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akajibu kwamba hauwezi, akafuta ubao.

Swali langu halikuwa baya. Kosa letu lilikuwa kucheka badala ya kuuliza swali la pili: kwa nini hauwezi?

Jambo tulilolicheka liligunduliwa na Thomas Johann Seebeck huko Ujerumani mwaka 1821. Aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani kwamba joto limezaa usumaku. Kumbe joto lilikuwa limezaa umeme, na umeme ndio uliozaa usumaku!

Umeme wa aina hii hutegemea tofauti ya joto baina ya ncha mbili. Hapo ndipo penye tatizo. Shaba hupitisha umeme vizuri, lakini hupitisha joto vizuri vilevile, na tofauti hiyo hupungua upesi. Yeyote aliyewahi kusahau kijiko cha chuma ndani ya uji wa moto anafahamu nisemalo. Mwiko wa mbao hauchomi mkono, ila nao haupitishi umeme. Kinachotafutwa, basi, ni kitu kitakachoufungulia umeme mlango na kulifungia joto.

Katika miaka ya 1950, Abram Ioffe na wenzake mjini Leningrad walionyesha njia: kuchanganya. Katika vitu visivyo vipitishi kamili vya umeme, kama silikoni, joto husafiri hasa kwa mitikisiko ya atomu, mithili ya watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji. Waweke watoto na majitu katika msururu huo, na ndoo zitakwama. Ndivyo atomu nzito zinapochanganywa na nyepesi: mitikisiko hutawanyika, ilhali elektroni hupenya bila kuzuiwa kwa kiasi hicho. Silikoni pekee hupitisha joto sana. Ikichanganywa na jemaniamu, upitishaji huo hushuka zaidi ya mara kumi. Bismathi na teluriamu nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikitiwa antimoni au seleniamu.

Matunda yake yalionekana. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, wanavijiji wa Muungano wa Sovieti walisikiliza redio kwa umeme uliotokana na joto la taa ya mafuta. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, vikiwa na aloi ya silikoni na jemaniamu iliyopashwa moto na plutoniamu. Voyager 1 ilipotoka katika himaya ya upepo wa Jua mwaka 2012, ilikuwa bado inatuma habari kwa umeme huo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Katika kila sehemu 100 za joto, vifaa vingi vya aina hii hutoa umeme wa sehemu 5 au 6 tu. Paneli nzuri ya jua hupita sehemu 20 kwa 100 za mwanga inaoupokea. Isitoshe, teluriamu ni adimu mno duniani. Ndiyo maana watafiti wangali wanahangaika na aloi mpya, ili joto linalopotea katika moshi wa magari, matanuri ya viwanda na hata majiko yetu ya makaa lipate kazi.

Nawasihi walimu: msiishie kwenye maelezo ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Nyaya mbili, mshumaa na galvanomita vinatosha. Nanyi wanafunzi, sindano itakapotikisika, msiulize tu kama inawasha balbu. Ulizeni ni nini kinachoizuia. Mimi nililipata jibu la swali hilo nikiwa mtu mzima, katika vitabu. Mwalimu wangu angeweza kunipa siku ileile, lau tungalimwachia nafasi ya kusema.