Je, Wajua? Nafsi Tatu na Njia ya Bukura

Je, wajua kwamba ukidamka mapema pale sokoni Bukura, kaunti ya Kakamega, unaweza kwa siku moja ya matatu na bodaboda kuzizungukia karibu misheni zote kongwe zilizoleta jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu katika nchi ya Waluhya? Kaimosi walifika Marafiki, wale ambao dunia huwaita Quaker, mwaka 1902. Mumias walifika Wakatoliki wa shirika la Mill Hill mwaka 1904, kisha Mukumu mwaka 1906. Kima, huko Bunyore, misheni iliyokuja kuwa ya Church of God ilianza 1905. Butere ni Waanglikana wa shirika la CMS chini ya Walter Chadwick, 1912. Angalia tarehe hizo kisha kumbuka kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wamishonari waliomba Roho awaongoze, lakini tiketi walikata ya treni.

Je, wajua kwamba kabla ya misheni hizo zote kulikuwa na askofu aliyepita hapo jirani bila kujenga chochote? James Hannington, askofu wa Kianglikana, alifika Kwa Sundu mwaka 1885. Ndiyo Mumias ya leo. Wasafiri waliiita hivyo kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Hannington aliacha hapo sehemu kubwa ya msafara wake, akaendelea na watu wachache kuelekea Buganda. Mwezi Oktoba akauawa Busoga. Na wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani walikuwa wameshatangulia Mumias na Uislamu wao, kwa hiyo swali la Mungu mmoja mwenye Nafsi tatu huko lilikuwa jambo la majirani tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba kanisa la babu yako huenda liliamuliwa mezani na watu ambao hawakumjua? Misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigombanie waumini. Maragoli na Tiriki wakaenda kwa Marafiki, Bunyore na Kisa kwa misheni ya Kima, Marama kwa CMS. Wakatoliki hawakuwamo kwenye mapatano hayo, wakajenga walipoona panafaa. Ndiyo maana leo barabara moja ya vumbi ina makanisa manne, na kila moja lina hakika kwamba ndilo lililotumwa.

Haya twende mbio kidogo.

Neno Utatu halimo katika Biblia, popote. Aliyewapa Wakristo wa Kilatini msamiati huo ni Tertullian, na huyo alikuwa Mwafrika wa Karthago, katika Tunisia ya leo, yapata mwaka 200.

Mstari ulio wazi kuliko yote kuhusu watatu walio umoja, ule wa 1 Yohana 5, haumo katika hati za kale za Kigiriki. Erasmus aliuacha nje ya matoleo yake ya 1516 na 1519, kelele zikawa nyingi, akauweka mwaka 1522.

Jumapili ya Utatu, ile inayofuata Pentekoste, iliwekwa kwa Kanisa zima la Magharibi na Papa Yohane XXII mwaka 1334.

Na Jumapili ya Misioni ya Wakatoliki, mwezi Oktoba, ni changa zaidi: Papa Pius XI, 1926.

Je, wajua kwamba wahubiri wetu wapendao kufananisha Utatu na mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja wanakaribia uzushi bila kujua? Figa moja likiondolewa, mawili yaliyobaki bado ni mawe kamili, na kila moja liliokotwa mahali pake. Hapo umepata miungu watatu wanaosaidiana kazi. Tertullian alikuwa na picha nyingine: mzizi, mti na tunda. Mzizi hutoa mti, mti hutoa tunda, na uhai ni ule ule mmoja. Ajabu ni kwamba picha hiyo haisikiki sana Bukura, mji wenye chuo cha kilimo ambacho sheria yake ya mwaka 1999 imekitambua kuwa taasisi inayojitegemea. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale angeieleza vizuri kuliko mapadri na wachungaji wengi.

Je, wajua kwamba ugomvi mkubwa kuliko yote juu ya Utatu ulikuwa wa Waafrika wenyewe kwa wenyewe? Ario alikuwa padri wa Aleksandria, na husemekana alitokea Libya. Alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, hata kama aliumbwa kabla ya vyote. Akatunga na nyimbo, zikaimbwa na mabaharia na wasagaji nafaka. Mpinzani wake Athanasio alikuwa shemasi tu wa Aleksandria wakati Mtaguso wa Nisea ulipokutana mwaka 325. Baadaye akawa askofu wa mji huo, akafukuzwa mara tano, akaishi uhamishoni jumla ya miaka 17 hivi. Ni Athanasio huyo huyo aliyemweka wakfu Frumensio kuwa askofu wa Aksumu, na hivyo imani ya Nisea, kwamba Mwana hakuumbwa, ikashika mizizi Ethiopia zaidi ya miaka 1,500 kabla ya mtu yeyote kufungua misheni Kaimosi. Tena wako Waorthodoksi magharibi mwa Kenya, na patriarki wao hadi leo ni wa Aleksandria.

Je, wajua kwamba kanisa la kwanza la kujitegemea katika upande huu wa nchi lilianzishwa na mtu aliyeukataa Utatu? John Owalo, Mjaluo, alipitia kwa Wakatoliki, kwa Waskoti na kwa CMS kule Maseno. Mwaka 1914 akaanzisha kanisa la Nomiya. Kwake Yesu alikuwa Mwana wa Mungu, lakini si Mungu. Owalo alifariki mwaka 1920, Nomiya lipo mpaka sasa. Mimi simwoni kuwa Ario mpya. Namwona mtu aliyesikiliza walimu watatu wakipingana, akaamua kwenda kumuuliza Mungu mwenyewe.

Je, wajua kwamba Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kwamba Marafiki hawabatizi kwa maji? Agizo la Mathayo 28, lile la kubatiza kwa jina la Nafsi zote tatu, wao hulisoma kuwa ubatizo wa ndani. Church of God nao huzamisha mtu mzima mtoni, na huoshana miguu. Waanglikana na Wakatoliki hata mtoto mchanga humwagia. Kwa hiyo harusi ya binti wa Kaimosi na kijana wa Butere ina kikao kimoja ambacho mahari haihusiki.

Sasa tukae hapa kidogo, maana ndipo penye uzito.

Wamishonari walihubiri Nafsi tatu, lakini Nafsi ya tatu walipoipokea wenyeji, baadhi yao waliingiwa na hofu. Mwaka 1927 Arthur Chilson, mmoja wa waanzilishi wa Kaimosi, alihubiri kwa nguvu juu ya Roho Mtakatifu. Watu wakalia, wakaungama dhambi hadharani, wakatetemeka, wakanena kwa lugha. Chilson akaondoka kurudi Marekani. Waliobaki na madaraka hawakupendezwa, na waliopokea Roho, Jacob Buluku akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakajikuta nje ya kanisa lililowaombea wampokee. Hao ndio chimbuko la African Church of the Holy Spirit. Chilson mwenyewe, mwaka 1934, alikwenda kuanzisha misheni nyingine Kibimba, Burundi.

Musanda, mwendo mfupi kutoka Butere, alikuwako shemasi wa Kianglikana, Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa watu wa Roho miongoni mwa Wajaluo wa Wanga. Ugomvi wa ardhi kati ya Wajaluo na Wawanga ukaingiliana na ugomvi wa dini, na Januari 1934 nyumba yake ikachomwa naye akafia humo, pamoja na wafuasi kadhaa. Ungetarajia habari iishie kwenye majivu. Badala yake, waliosalia wakavaa misalaba myekundu wakatembea Nyanza nzima wakihubiri. Hapakuwa na shirika la London lililowalipia, wala ripoti waliyotakiwa kuandika.

Nyang'ori, kwa Wapentekoste, Zakayo Kivuli alimpokea Roho mwaka 1932, na mwaka 1942 akaanzisha African Israel Church Nineveh. Wale wa kanzu nyeupe, vilemba, bendera na ngoma unaokutana nao wakipita barabarani Jumapili ndio wake. Kivuli alipofariki mwaka 1974, aliyeshika uongozi ni mkewe Rebecca Jumba Kivuli, kama kuhani mkuu, hadi 1983. Baadhi ya makanisa yaliyotangulia eneo hilo yalikuwa bado yanajadili kama mwanamke apande madhabahuni.

Je, wajua kwamba wanateolojia walihitaji mkutano mzima kufikia jambo ambalo hawa walikuwa wakilitenda? Mwaka 1952, wamishonari wakiwa wamefukuzwa China, wakuu wa misheni za Kiprotestanti walikutana Willingen, Ujerumani. Wakatoka na wazo kwamba utume si mali ya Kanisa. Baba humtuma Mwana, Baba na Mwana humtuma Roho, na Kanisa huingia katika safari iliyokwisha kuanza. Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya Willingen, na nadra sana kukuta Musanda imetajwa, ilhali miaka 18 ilikuwa imepita tangu ule moto.

Je, wajua, la mwisho, kwamba mwaka 1961 huko New Delhi Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliongeza katika msingi wake kwamba wanachama hutimiza mwito wao kwa utukufu wa Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu? Mwaka 1975 likayapokea kuwa wanachama African Church of the Holy Spirit na African Israel Church Nineveh, yaani wale walioambiwa wamezidisha Nafsi ya tatu. Mkutano mkuu wa Baraza mwaka huo ulifanyika Nairobi, kwa hiyo kutoka Kakamega hapakuwa na haja ya kuvuka bahari.