Hali ya Nyumba Hupimwaje Bila Kuuliza Mshahara?

Ukimuuliza mama auzaye mboga katika soko la Kitale anapata shilingi ngapi kwa mwezi, huenda asikujibu, na si kwamba anaficha. Leo ameuza, kesho mvua imewafukuza wateja, na msimu wa mavuno haendi dukani kununua unga. Hata hivyo wataalamu wa afya wanahitaji sana kuijua hali yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na 26 mwaka wa 2014. Ni habari njema, lakini wastani huficha mengi, kwani kudumaa huwaandama zaidi watoto wa nyumba maskini.

Kwa hiyo wachunguzi huuliza vitu badala ya pesa. Je, sakafu ni ya saruji au ya udongo? Maji ni ya bomba au ya mtoni? Choo ni cha namna gani? Kuna stima, redio, televisheni, friji, ng'ombe?

Kazi ngumu ni kukipa kila kitu uzito wake. Nani aseme friji ni sawa na ng'ombe wangapi? Hapa ndipo inapotumika hesabu iitwayo uchanganuzi wa vijenzi vikuu, ambayo asili yake ni kazi ya Mwingereza Karl Pearson ya mwaka wa 1901. Mwaka wa 2001 Deon Filmer na Lant Pritchett, wakitumia takwimu za India, walionyesha jinsi inavyoweza kupima hali ya nyumba. Hesabu hii haijali bei. Hutazama vitu vinavyoandamana: aghalabu penye friji pana stima, televisheni na sakafu ya saruji. Vitu hivyo hupewa uzito wa kuongeza, na sakafu ya udongo uzito wa kupunguza. Kitu ambacho karibu kila mtu anacho hakitenganishi nyumba na nyumba. Simu ya mkononi, iliyokuwa fahari mwaka wa 2000, siku hizi haituambii mengi.

Alama za nyumba zote hupangwa kuanzia chini hadi juu, kisha watu hugawanywa katika mafungu matano yaliyo sawa.

Sasa tuseme kliniki moja ya Kitale inataka kujua kama inawahudumia maskini, nayo inawauliza wagonjwa 200 maswali hayo hayo. Ikianza hesabu upya kwa wagonjwa wake peke yao, itapata 40 katika fungu la chini hata kama wote wamekuja kwa magari yao! Njia iliyo sawa ni kuchukua wastani, mtawanyiko na uzito uliopatikana katika uchunguzi wa taifa, kumpa kila mgonjwa alama kwa vipimo hivyo, kisha kutazama anaangukia fungu gani la Wakenya. Huenda wakapatikana watano tu katika fungu la chini, na hapo kliniki itajua kuwa maskini hawaifikii.

Kipimo hiki kina upungufu wake. Mpangaji wa chumba kimoja Kipsongo anaweza kuwa na stima na bomba la jirani, na bado alale njaa. Mkulima wa Kiminini mwenye ekari kadhaa za mahindi na ng'ombe wa gredi huenda akakosa vyote viwili. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka wa 2008 wataalamu walianza kuhesabu mji na mashamba kando kando kabla ya kuunganisha matokeo.

Tena alama hizi hupanga watu foleni tu, hazisemi shilingi. Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu tangu Oktoba 2024 mamlaka ya bima ya afya, SHA, huwauliza wasio na mshahara maswali yanayofanana na haya. Chombo chake hukisia mapato, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato hayo, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Makisio ya namna hiyo husoma nyumba, na nyumba hubadilika polepole kuliko mfuko. Aliyejenga kwa matofali enzi za kazi nzuri, kisha akaachishwa, kuta zake bado ni za matofali.