Mgongo wa Mzee Hautaki Kitanda

Mtungi wa lita 20 ukijaa maji huwa na uzito wa kilo 20 na ushei, na maghorofa mengi ya Umoja, Kayole na Pipeline hayana lifti. Mifereji ikikauka, mtungi huo hupandishwa ngazi kwa mkono. Ongeza miaka ya kuinamia beseni la nguo na kupiga deki kwa kitambaa, ya kubeba marobota ya mitumba Gikomba au ya kugonga mabati katika jua kali ya Kamukunji. Si ajabu basi kwamba wazee wengi wa Eastlands, Nairobi, wakitaka kuinuka kitini, hushika kiuno kwanza.

Nyumbani huambiwa kwa upendo, "Shosho, lala upumzike." Binti anamkataza kushika ufagio, mjukuu anamletea chai kitandani, na vidonge vya maumivu vinanunuliwa kwa kemisti. Lakini kulala kutwa huuzidishia mgongo taabu. Misuli ya tumbo, makalio na mapaja, ambayo husaidia kuutegemeza uti wa mgongo, hulegea upesi isipofanya kazi, na kwa mtu wa miaka 70 nguvu hizo hazirudi kwa urahisi. Viungo navyo hukakamaa. Kesho yake kuinuka kunauma zaidi, naye anaanza kuogopa kusogea. Vidonge vyenyewe, vikimezwa kila siku bila daktari kujua, vinaweza kuchubua tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, na kwamba watafika milioni 843 kufikia 2050. Kwa takriban tisa kati ya kila kumi, hakuna ugonjwa maalum wala mfupa uliovunjika unaoweza kuelezwa kuwa chanzo. Mwongozo wa shirika hilo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya muda mrefu, uliowafikiria wazee pia, unapendekeza mazoezi na elimu ya kujitunza. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mitambo ni kati ya mambo ambayo haukuyapendekeza kwa wagonjwa walio wengi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu. Asiyeweza kushuka kwenye mkeka na kuinuka tena ayafanyie kitandani, godoro likiwa gumu kiasi. Analala chali, magoti juu, nyayo zimekanyaga. Kwanza anabana tumbo taratibu mpaka kiuno kiguse godoro, anahesabu hadi tano huku akipumua, kisha anaachilia. Halafu magoti yote mawili yanaegemezwa kulia, kisha kushoto, mabega yakibaki palepale. Mwisho anainua makalio kidogo na kuyashusha polepole. Mara tano kwa kila zoezi zinatosha kwa wiki ya kwanza.

Zoezi lenye faida kubwa kwa mzee huenda likawa lile la kuinuka kitini. Kiti kigumu kinasukumwa hadi ukutani kisiteleze. Mzee anasogea ukingoni, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele, anasimama, kisha anakaa bila kujibwaga. Mwanzoni anaweza kujisaidia kwa mikono. Misuli ikivuta kidogo si neno. Maumivu yakishuka mguuni kama umeme, aache.

Kutembea nako kuna ushahidi wake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet ulifuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya mgongo. Nusu ya waliofundishwa kutembea kwa utaratibu walipitisha siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Kwa wasiofundishwa zilikuwa siku 112. Lengo lilikuwa kufikia, pole pole, dakika 30 mara tano kwa wiki. Ndani ya korti za nyumba za Buruburu, asubuhi kabla magari hayajazidi, hilo linawezekana.

Kazi za nyumbani zipunguziwe uzito, zisikatazwe: mtungi mmoja ugawanywe kuwa miwili ya lita kumi, na beseni liwekwe juu ya stuli.

Zipo dalili zisizongoja mazoezi. Mzee aliyeanguka, mwenye homa, anayekonda bila sababu, aliyewahi kuugua saratani au anayeumwa zaidi usiku apelekwe hospitali. Kifua kikuu na mifupa iliyodhoofika vinaweza kujificha mgongoni. Mkojo au choo vikishindwa kuzuilika, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja, aende siku hiyo hiyo.

Kuna wanaodhani umri wa mazoezi umeshapita. Lakini Korogocho, katika Eastlands hiyo hiyo, kina shosho wamekuwa wakikutana kujifunza kupiga ngumi na mateke ili wajilinde dhidi ya wabakaji. Mwenye mgongo unaouma hahitaji mateke, ila anahitaji wenzake, maana zoezi la peke yake huachwa upesi. Vyama vya akina mama tayari vina siku ya kukutana na viti vya kukalia. Dakika kumi kabla ya kuhesabu michango zinatosha kuinuka na kukaa pamoja, na yule ambaye hakufika apigiwe simu.