Kufundisha Uteuzi wa Vitu Vistahimilivyo Joto: Mfano wa Bamba la Saketi

Katika mazoezi ya kufundisha hapa mkoani Singida, tumewahi kumwona mwanachuo akiunda saketi ya balbu na betri juu ya kifuniko cha ndoo ya plastiki. Hoja yake ilikuwa sahihi: plastiki haipitishi umeme. Lakini alipolehemu waya wa kwanza, kifuniko kiliyeyuka, waya ukazama, na kipindi kikaishia hapo. Kuzuia umeme ni sifa moja; kustahimili joto ni sifa nyingine. Mwalimu hana budi kuzipima zote mbili.

Tuanze na redio mbovu, iliyotolewa betri na kutengwa na umeme. Ndani yake mna bamba lenye njia nyembamba za shaba. Katika redio nyingi za zamani bamba hilo ni la kahawia: ni karatasi zilizoloweshwa utomvu wa fenoli, jamii ya bakelaiti aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, kisha zikashindiliwa kwa joto. Bei yake ni nafuu, nalo hutobolewa bila taabu. Lakini likichomwa mno, shaba hubanduka. Vyombo vingi vya sasa hutumia kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa utomvu wa epoksi.

Joto hulijia bamba mara mbili. Kwanza ni wakati wa kulehemu. Lehemu yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwenye digrii 183 za Sentigredi. Zile zisizo na risasi, nyingi huhitaji digrii 217 au zaidi. Pili ni wakati wa kazi, mathalani kidhibiti cha umeme wa jua kilichofungwa chini ya paa la bati. Epoksi ya kawaida huanza kulegea karibu na digrii 130. Hustahimili mguso mfupi wa lehemu, lakini joto likidumu au kurudiarudia, unene wa bamba hutanuka kuliko shaba, na shaba iliyomo matunduni huweza kukatika. Kwa hiyo penye joto kali huchaguliwa epoksi ya digrii 170 hivi, poliimidi, au kauri.

Darasani, jaribio lifuatalo latosha:

1. Kusanya vipande vya plastiki, kadibodi, mbao na kigae cha chungu.
2. Waulize wanafunzi wabashiri kipi kitashinda joto, na kwa nini.
3. Nje ya darasa, mwalimu peke yake apashe msumari moto katika jiko la mkaa, aushike kwa koleo, na akiguse kila kipande kwa nukta chache. Upepo wa Singida ni mkali: wanafunzi wasimame upande utokako upepo, wasivute moshi. Bamba la redio lisichomwe kamwe, maana moshi wake una sumu.
4. Wanafunzi waandike kilichoyeyuka, kilichoungua na kilichobaki salama.
5. Mwalimu ajaribu kutoboa kila kipande.

Hapo kigae, kilichoshinda joto, huenda kikapasuka. Usiharakishe kueleza, waache wanafunzi wabishane. Watatambua wenyewe kwamba hakuna kitu kilicho bora kwa kila kazi, na kwamba mteuzi hodari huuliza kwanza: kitakutana na joto kiasi gani, kwa muda gani, na kitatengenezwaje? Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza hivyo hatasahau somo hili upesi.